Mtoto Kanona, Mama Je?

Mwandishi wetu alikwenda Geita na Shinyanga kumtazama mzazi, akarudi na swali kwa kila mwanaume mwenye mke anayenyonyesha.

Ukimwambia mtu wa Dar kwamba unakwenda Geita, swali la kwanza ni lile lile: utaniletea dhahabu? Ukisema unaendelea hadi Shinyanga, anakuuliza habari za almasi za Mwadui, na akiwa mtani wako anaongeza na ya Wasukuma na ng'ombe wao. Hakuna anayekuuliza kule watu wanakula nini. Mimi na mume wangu tulizunguka sehemu zote mbili kwa siku sita, na nikwambie ukweli msomaji wangu, chakula ndicho kilichonirudisha mjini na mawazo mengi.

Safari yenyewe ilikuwa ya kifamilia. Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, alikuwa amejifungua mtoto wa pili, wa kike, na mtoto alikuwa na miezi miwili. Mzazi anatazamwa, hilo halina mjadala. Wifi ameolewa kwenye familia ya wakulima, ndani kidogo kutoka Tinde, mkoani Shinyanga. Mumewe alikuwa machimboni upande wa Geita. Tukaamua tumpitie shemeji kwanza, tubebe salamu zake, ndipo twende kwa mzazi. Na sio siri, sisi wenyewe tunajipanga kupata mtoto wa kwanza, kwa hiyo nilikuwa naangalia kila kitu kwa macho mawili.

GEITA: PESA IPO, MUDA HAUPO

Kutoka Mwanza kwenda Geita zamani ilikuwa lazima usubiri kivuko pale Kigongo, na foleni ikikukuta jioni, shauri yako. Tangu Juni 2025 kuna Daraja la JPM, kilomita 3 juu ya maji, na unavuka kwa dakika chache ukiwa bado unatafuta upande mzuri wa kupiga picha. Ng'ambo ya pili vilima vinaanza, na mashamba ya mihogo, mahindi na mananasi. Geita ni mkoa tangu mwaka 2012. Mgodi mkubwa wa GGM ulianza uzalishaji mwaka 2000, lakini ukiacha uzio wa mgodi ule, dhahabu nyingine inatafutwa kwa sururu na wachimbaji wadogo, na wengi wao ni wakulima waliotoka kwenye vijiji kama cha shemeji.

Tulimkuta Katoro. Kama hujafika Katoro, fikiria Kariakoo ndogo iliyowekwa katikati ya mashamba: maduka ya simu, vitenge, pikipiki, godoro juu ya godoro, na muziki kila kona. Tukakaa kwa mama ntilie mmoja, tukaagiza ugali na sato. Shemeji alikula kama mtu anayekimbizwa. Akatuambia kule rashi, yaani kambi inayoota ghafla dhahabu ikionekana, kila kitu kinaletwa na bodaboda, hata nyanya, na bei yake unaijua ukifika. Akatupa pesa tumpelekee mama watoto, na kitenge kizuri cha bluu. Halafu akauliza swali lake.

"Eti mtoto kanona?"

Mume wangu akamwonyesha picha aliyotumiwa kwenye simu. Mashavu yamejaa, mikono ina pingili. Shemeji alifurahi mpaka akamwonyesha mama ntilie. Nilisubiri aulizie hali ya mama yake. Hakuulizia, na simlaumu sana, kwa sababu hata sisi wengine tukienda kumtazama mzazi, macho yote yanakwenda kwenye kile kifurushi cha shuka.

Siku iliyofuata alitupeleka kuona kazi. Wanawake ni wengi kuliko nilivyodhani. Wapo wanaoponda mawe kwa nyundo, wapo wanaoosha mchanga, na wawili niliowaona walikuwa na watoto mgongoni. Chakula chao cha mchana ni maandazi na chai ya rangi, kwa sababu ndicho kinacholika bila kuacha kazi. Mmoja, dada wa makamo hivi ya kwangu, aliniambia huwa anamnyonyesha mwanawe akiwa amekaa juu ya lile rundo la mawe. "Nikienda nyumbani kupika, siku imekwisha," alisema.

Hapo kuna jambo ambalo kila mama wa machimboni anapaswa kulijua. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukamata dhahabu. Wanaichanganya na mchanga uliooshwa, wanakamua kwa kitambaa, halafu wanachoma lile donge. Zebaki inapanda kama moshi usioonekana na dhahabu inabaki. Ule moshi mtu anauvuta, na mabaki yake yanashika kwenye nguo, nywele na sufuria. Kijiji cha Rwamagasa, hapo hapo Geita, kilikuwa moja ya vituo vya mradi wa Umoja wa Mataifa uliochunguza zebaki miaka ya 2000. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulipima maziwa ya akina mama 46 kutoka maeneo ya machimbo ya Tanzania, Indonesia na Zimbabwe, na baadhi yao walikutwa na zebaki nyingi ndani ya maziwa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki mwaka 2020.

Usikimbilie kusema basi wasinyonyeshe. Mtoto wa kule akiachishwa ziwa anapewa uji mwepesi na maji ambayo hujui yametoka wapi, na kuhara kutamuumiza haraka kuliko chochote. Ushauri ni kumtoa mama na mtoto kwenye zebaki: dhahabu isichomwe nyumbani wala jikoni, na baba akirudi aoge na kubadili nguo kabla hajambeba mwanawe. Shemeji aliposikia hivyo alinyamaza kidogo, akaangalia shati lake.

Kitu kingine nilichokiona kwenye kila kibanda cha duka ni pemba, ule udongo wa vipande unaouzwa pamoja na pipi. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti uliowahoji wajawazito 340 kwenye maeneo ya wachimbaji wadogo nchini. Asilimia 45.6 walikuwa wanakula udongo, wengine mara mbili au tatu kwa siku. Udongo uliopimwa ulikuwa na madini yenye sumu, ikiwamo aseniki. Kinachosikitisha ni kwamba hamu ya udongo mara nyingi huambatana na upungufu wa damu, na udongo wenyewe unauzuia mwili kupata madini ya chuma yanayotengeneza damu. Mama anadhani anajiliwaza, kumbe anajizidishia.

KAHAMA MPAKA TINDE: CHAKULA KINAPITA

Tukatoka Geita tukapita Bukoli na Kakola, kwenye mgodi wa Bulyanhulu, mpaka Kahama. Kahama ni mji wa mchele. Magunia yamepangwa mpaka barabarani, mchele, choroko, dengu, karanga, na malori yanapakia usiku na mchana. Pale ndipo nilipoanza kujiuliza. Choroko na dengu ni vyakula vya kujenga mwili, na vinalimwa na hawa hawa akina mama. Lakini vinalimwa ili viuzwe. Vikishaingia kwenye lori, kilichobaki nyumbani ni nafaka.

Shinyanga yenyewe ina historia yake. Miti ilifyekwa, ardhi ikachakaa, mpaka mkoa ukapachikwa jina la jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ukawarudisha Wasukuma kwenye desturi yao ya ngitili: eneo linafungwa, ng'ombe hawaingii, majani na miti inarudi yenyewe. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kwa mama anayenyonyesha, ngitili ina maana kubwa, maana kuni zikiwa karibu anaokoa masaa, na humo humo kuna matunda, uyoga na mboga za porini.

Tulifika nyumbani kwa wifi saa kumi jioni. "Mwadila!" mume wangu akasalimia, na mama mkwe wa wifi akatoka na vigelegele. Mtoto nikapewa kabla sijaweka hata mkoba chini. Kweli kanona! Mzito kama gunia la mchele wa Kahama.

Wifi mwenyewe alitokea nyuma ya nyumba, ametoka shamba. Ilikuwa msimu wa palizi. Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa mtu wa mwili. Sasa mifupa ya shingo ilikuwa inahesabika, na alipoinama kunivua mkoba begani alishika ukuta. "Kizunguzungu tu wifi, ni jua," akasema.

Haikuwa jua. Kesho yake tulimsindikiza kliniki mtoto akapimwe uzito. Mtoto alikuwa vizuri kabisa kwenye kadi. Mume wangu ndiye aliyemwomba muuguzi amwangalie na mama, wakapima damu, ikawa iko chini. Akapewa vidonge vya kuongeza damu na maelezo. Na hayuko peke yake: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 42 ya wanawake wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Malaria, minyoo na kichocho vina mchango wao, na sahani nayo ina wake.

MAZIWA YANATOKA WAPI?

Ngoja nikueleze nilichoelewa pale, kwa sababu ndiyo siri ya yale mashavu ya mtoto.

Mama anayenyonyesha bila kumpa mtoto kitu kingine anatengeneza karibu robo tatu ya lita ya maziwa kila siku. Kazi hiyo inahitaji kama kalori 500 za ziada kwa siku, juu ya zile anazohitaji mwanamke mwingine yeyote. Asipozila, maziwa hayakauki leo wala kesho. Mwili unachota kwenye akiba yake. Mafuta yanatoka mwilini, kalsiamu inatoka kwenye mifupa, na mtoto anaendelea kunyonya. Ndiyo maana mtoto ananona huku mama anakwisha, na watu wanapita wanasifia.

Hata hivyo si kila kitu kinaokolewa na akiba. Vitamini A, vitamini za kundi B na madini joto vikipungua kwenye chakula cha mama, vinapungua na kwenye maziwa. Kwa hiyo ukisubiri mtoto aonyeshe dalili ndipo umfikirie mama, umechelewa kwa wote wawili.

Wataalamu wana kipimo rahisi kwa wanawake. Wanagawa vyakula kwenye makundi 10: nafaka na mizizi, jamii ya kunde, karanga na mbegu, maziwa, nyama na samaki, mayai, mboga za majani ya kijani, matunda na mboga za rangi ya machungwa, mboga nyingine, na matunda mengine. Mwanamke anatakiwa apate angalau makundi 5 kwa siku. Jioni ile nikahesabu kimya kimya siku ya wifi. Asubuhi chai ya rangi na michembe, vile viazi vitamu vikavu. Mchana ugali na mlenda. Usiku ugali na mlenda. Michembe na ugali ni kundi moja. Makundi mawili.

Sasa angalia kilichokuwapo pale pale nyumbani. Maziwa ya ng'ombe watatu yalikuwa yanabebwa na bodaboda kila asubuhi kwenda kuuzwa, yote. Karanga ziko ndani kwenye gunia, za mbegu na za kuuza. Embe za mwisho wa msimu zinaanguka chini ya mwembe na mbuzi wanajilia. Kikombe cha maziwa, kiganja cha karanga, embe moja: tayari makundi matano, na hakuna aliyekwenda dukani. Ongeza choroko au dagaa wa Ziwa Victoria, sita.

Basi kwa nini haikuwa hivyo? Nilimuuliza bibi wa nyumba, mama mkwe, kwa adabu zote. Hakukasirika. Alisema zamani mzazi alikuwa halimi. Alikaa ndani, wamama wanampikia uji wa maziwa, wanamkandia maji. Siku hizi vijana wote wako machimboni, palizi haisubiri, na yeye magoti yamekataa. "Nimpikie na nani, nimlimie na nani?" Pesa ya maziwa inalipa kibarua wa shamba. Pesa ya pamba ni ya baba. Nilipiga hesabu yake nikaona mwanamke yule hana ubaya wowote. Ana mikono miwili tu.

FIRIGISI NI YA NANI?

Usiku wa pili tulichinjiwa kuku. Msomaji wa Kanda ya Ziwa unajua tayari: firigisi ni ya baba, na kukiwa na mgeni wa heshima, ni ya mgeni. Mume wangu, kaka wa mke, akaletewa yake juu ya sahani, peke yake, imekaa kama medali. Paja akapewa mzee wa nyumba. Wifi, aliyemkimbiza yule kuku, akamchinjisha na kumpika, alikuwa jikoni na watoto, na nilijua kitakachofika kule ni shingo na mchuzi.

Mume wangu akaiangalia ile firigisi. Akasema, "Baba, mama, naomba radhi. Nimeipokea kwa mikono miwili, asanteni sana. Ila leo naomba nimpe mzazi, yeye ndiye ana kazi kubwa kuliko sisi wote hapa."

Pakawa kimya mpaka nikasikia mbuzi nje. Kaka wa mtu akikaa ukweni kwa dadake anatakiwa awe na adabu, na mimi nilishaanza kutafuta pa kuficha uso. Mzee akatafuna, akameza, akacheka. Akasema yeye mkewe alipozaa alimchinjia mbuzi, na siku hizi vijana wanatuma kitenge. Akamwita wifi aje akae na sisi. Akaja, akakaa pembeni ya mama mkwe, akala firigisi na kipapatio, na hakuna aliyeongea habari za mila tena usiku ule.

Firigisi moja haiongezi damu ya mtu, hilo najua. Kilichosaidia ni mazungumzo yaliyofuata. Asubuhi mume wangu alimpigia shemeji. Nilimsikia akimwambia matokeo ya kliniki, bila kelele, mwanaume kwa mwanaume. Walikubaliana vitu vitatu: lita moja ya maziwa ibaki nyumbani kila siku, sehemu ya pesa aliyotuma ilipe kibarua wa palizi mpaka mtoto afikishe miezi sita, na yeye arudi mwisho wa mwezi. Alirudi wiki moja baadaye kuliko alivyoahidi, lakini alirudi. Wifi ananiambia kizunguzungu kimepungua, ingawa vidonge vinamkera tumbo. Maziwa yanabaki siku nyingi. Siku ambazo hela ya sabuni imekosekana, yanauzwa.

KWA NINYI WAWILI MNAOSOMA

Unaweza kusema haya ni ya kijijini. Lakini mfanyakazi wa kuajiriwa ana likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na akirudi kazini sheria ya ajira ya mwaka 2004 inamruhusu hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Wifi hana hata moja ya hizo, na bado naona wadada wa ofisini wananyonyesha huku wamekunywa kahawa tupu tangu asubuhi kwa sababu wanataka mwili urudi haraka. Haya ndiyo tuliyoandika mimi na mume wangu kwenye daftari letu, yachukueni:

* Hesabuni makundi ya sahani ya mama, mara moja kwa siku. Yasifike chini ya 5.

* Mzazi anahitaji mlo mmoja mdogo wa ziada, au vitafunwa viwili vya maana. Uji wenye maziwa na karanga za kusaga unatosha kabisa.

* Chai na kahawa zikae mbali na mlo, kama saa moja hivi, maana zinazuia madini ya chuma. Embe, chungwa au limau pamoja na mboga za majani vinayasaidia kuingia mwilini.

* Chumvi iwe yenye madini joto. Viazi lishe, vile vya rangi ya machungwa, vinafaa sana kwa vitamini A. Mkiwa na shamba kijijini, tumeni marando ya viazi hivyo pamoja na salamu.

* Mkipeleka mtoto kliniki, ulizeni na hali ya mama. Vijijini kuna Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, kila baada ya miezi mitatu. Wakumbusheni ndugu waende.

* Acheni angalau miaka miwili kabla ya mimba nyingine. Mifupa na damu vinahitaji muda wa kurudi.

* Mkienda kumtazama mzazi, punguzeni nguo za mtoto. Pelekeni dagaa, karanga, mayai, mchele, au mlipieni mtu wa kumfulia na kumlimia.

Na kama utakwenda Geita na Shinyanga kutembea, nenda. Panda basi kutoka Mwanza asubuhi ili uvuke daraja kukiwa na mwanga, kula sato Katoro, nunua mchele Kahama, na ukifika kwa Wasukuma jifunze kusema wabeja, asante yao. Halafu ukiona mtoto mnono mgongoni kwa mama yake, msifie mtoto, na umuulize mama amekula nini.